Skrubu ya Meza ya Tatu

Siku ya mtihani kazi yangu ilikuwa moja tu: kufungua mvuke. Mimi ni mzee wa kutangatanga. Nimelaza reli, nimepakia meli, darasani nimepita kama mtu anayekwepa mvua, na mwisho nikaangukia kutunza maabara ya shule anayosoma mjukuu wangu. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, alinionya asubuhi ile: "Mzee, mkono ufanye kazi, mdomo upumzike. Ukimsemesha mtahiniwa, namfutia mtihani."

Mjukuu wangu alikuwa meza ya tatu. Alikaza skrubu ya kupimia mpaka ikagusa ncha ya ufito wa shaba uliokuwa ndani ya bomba, akaandika kipimo, akanyoosha mkono apewe mvuke wa kuupasha ufito moto, apime umerefuka kiasi gani.

Skrubu hakuilegeza.

Ufito ukipata moto hurefuka, lazima uuachie nafasi. Hayo nilimwambia tangu akiwa mdogo, nikimsimulia reli tulizozibana bila mwanya, jua la mchana likazipinda kama mkia wa mbwa. Nikashika koki, nikakohoa. Nikaitazama skrubu, nikamtazama yeye.

"Babu, umelala?" akaninong'oneza huku akicheka. "Au mvuke umeuuza?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Mzee, fungua," akasema msimamizi.

Nikafungua.

Bomba likanguruma. Baada ya dakika kumi akaishika skrubu aisogeze mpaka iguse ufito. Haikwenda mbele. Akajaribu kuirudisha nyuma, ikagoma. Nikaona shingo yake inalowa jasho. Amekumbuka.

"Naomba nianze upya."

"Zimebaki dakika nane," msimamizi akajibu.

Ufito ule hupoa kwa nusu saa. Nilikuwa na kitambaa kibichi mkononi, ambacho kingelipoza bomba upesi; nikakikamua, nikakikamua, maji yakaishia kwenye viatu vyangu. Akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia utotoni akikwama juu ya ukuta, akingoja nimshushe. Mimi nikatazama sakafu.

Akaandika alichokiona: kipimo cha pili sawa na cha kwanza, shaba haikurefuka hata kidogo.

Bahasha zikapigwa lakiri, gari likaondoka nazo. Jioni, ufito umekwisha kupoa, nikarudi kusafisha meza ya tatu. Nikaigusa skrubu kwa vidole viwili. Ikazunguka, laini kabisa, kama haijawahi kumnyima mtu kitu.