Maneno ya Q, Herufi Tano

Asubuhi ile bomba la saluni yangu lilikohoa mara moja, likakata roho. Bili nilikuwa nimeshalipa. Asiyelipa ni jirani yangu mwenye bucha, ambaye wadai wake wote huwalipa maneno matamu. Lakini watu wa maji walikuja kumkatia mdaiwa, wakamkatia mlipaji. Nilipochungulia dirishani nikamwona aliyetumwa: mhasibu wa ofisi yao, amevaa tai, spana ameishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Siku nyingine ningecheka. Ila mchana wifi yangu alikuwa anakuja kuoshwa na kusukwa nywele za harusi yake, na mama mkwe angekuwa ubavuni mwake. Mama mkwe hajawahi kukubali kwamba ususi ni kazi. Kwake yeye ni uvivu wenye kioo. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo nimwonyeshe mimi ni nani, sasa nimwonyeshe kwa beseni kavu? Nikaurudishia mlango bila kufunga, nikaenda ofisi ya maji na hasira zangu zote.

Foleni ilikuwa imetoka hadi kwenye ngazi. Dirisha limefungwa, na nyuma ya kioo wafanyakazi wamekaa duara, macho wameyafumba, midomo inacheza. Ungedhani wana msiba.

"Wanafanya nini?" nikamwuliza mzee aliyekuwa mbele yangu.

"Maneno ya Kiingereza," akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha zoea. "Jana yalikuwa ya herufi nne yenye Z. Leo tano, yaanze na Q. Mkubwa wao anataka wakachukue kombe la mashindano ya idara."

Mkubwa huyo, mzee akanieleza, walimwita Kamusi, maana hatembei bila kamusi kwapani. Ndiye aliyeleta utaratibu: kila asubuhi duara linazunguka, kila mmoja anataja neno na maana yake, na anayekosa ndiye anayetoka kwenda kufanya kazi. Hapo nikaelewa habari ya mhasibu. Yeye hakujua neno, akapewa spana. Fundi wa mabomba alijua maneno, akabaki kwenye feni.

Nikaligonga lile dirisha mpaka karani akalifungua kidogo.

"Dada, habari yako tunayo," akasema. "Lakini wa kukurudishia maji ni fundi wetu, Spana, na Spana hajakosa neno tangu mwezi uanze."

"Si mumtume tu?"

"Kwa kosa gani?"

Nilitaka kumjibu jibu ambalo lingenitoa ofisini chini ya ulinzi. Nikameza mate. Kama Spana hatoki mpaka akose, basi lazima akoseshwe. Nikapaza sauti mpaka kwa Kamusi: "Mkubwa, mteja anaruhusiwa kucheza?"

Kamusi alichangamka. "Ushirikishwaji wa wananchi," akawaambia wenzake, "upo kwenye malengo yetu ya mwaka." Nikafunguliwa mlango, nikapewa kiti na chai.

Karani akaanza na *queen*, malkia. Mpokea simu akataja *quick*, haraka, huku akipiga miayo. Mimi nikatoa *quiet*, kimya, ambalo mwalimu wangu alikuwa akitupigia kelele kila siku. Ikafika zamu ya Spana, mtu mnene wa mikono mikubwa, kakaa kwenye kiti kama mgeni.

"*Qualm*," akasema. "Ni lile shaka linalomsumbua mtu moyoni anapofanya jambo analojua si sawa."

Kamusi akafunua kurasa, akathibitisha, akampigia makofi. Hakuna aliyesumbuka moyoni.

Mzunguko wa pili mpokea simu akakwama. Karani naye akakosa, akarudi dirishani na uso wa mtu aliyefiwa, na foleni ikasogea kwa mara ya kwanza. Nikabaki mimi na Spana. Yeye akataja *quaff*, kunywa kwa mafunda makubwa makubwa. Nje ya kioo mama mmoja alikuwa anampepea mwanawe kwa bili ya maji.

Zamu yangu. Nikafumba macho kama wao. Nikamwona wifi mlangoni pangu, nikamwona mama mkwe akitikisa kichwa, na nyuma yao ukutani ile picha kubwa ya mitindo ya nywele za wanaume, kila mtindo na jina lake chini.

"*Quiff*," nikasema.

"Maana?"

"Nywele za mbele zikichanwa zikasimama juu. Kama zako, mkubwa, enzi ulipokuwa nazo."

Kamusi akatafuta, akalikuta, akajipapasa kipara. "Lipo. Spana?"

Spana akatazama dari. Kisha akatazama dirisha, akalitazama muda mrefu.

"Sina," akasema, akainuka kwenda kutafuta spana yake.

Tulifuatana hadi kwangu. Alipiga magoti kwenye tope nyuma ya saluni, akazungusha mara mbili, na bomba likatapika hewa, kisha maji. Nikakaribia kulia, nisiseme uongo.

"Neno nilikuwa nalo," akasema bila kuinua kichwa. "*Queue*."

"Foleni?"

"Si nilikuwa naitazama."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kwenye kile kiti nilikuwa naoza, dada." Akafuta spana kwenye suruali. "Kwenye timu ya kombe sitarudishwa tena. Na watoto nyumbani wameshawatangazia majirani kwamba baba anakwenda jukwaani. Sijui nitawaambiaje."

Nilimwonea huruma, na nikamwambia hivyo. Akasema si kitu. Lakini kilikuwa kitu, kilionekana usoni.

Tulipoingia ndani, wifi alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha kuoshea, mama mkwe amesimama nyuma yake, mkoba kifuani.

"Tumefika kitambo," mama mkwe akasema. "Tukadhani umeifunga hiyo kazi yako."

Nikamwomba wifi anipishe kidogo. Nikamkalisha Spana pale pale, nikavuta mikono yake yenye tope mpaka kwenye beseni, nikafungua maji, nikammiminia shampuu ya bibi harusi.

"Bibi harusi anasubiri," mama mkwe akasema, "na wewe unamwosha fundi mikono?"

"Mama, huyu alikuwa mbele," nikamjibu kwa adabu zote. "Wifi yangu, panga foleni."