Wimbo Uliopakuliwa Mara Ishirini na Saba

Fundi saa alibonyeza "pakua" kwa mara ya tisa, akaikodolea macho kompyuta. Kamshale kakashuka, kakazunguka kidogo, kakatokomea, basi. Wimbo uko wapi? Jamani, kitu kikishuka si lazima kitue mahali?

Na wimbo wenyewe haukuwa wa mchezo. Marehemu mkewe aliuimba akirekodiwa kwa simu ya dada yake, miezi miwili kabla hajafa, wa kumbembeleza mjukuu aliyekuwa bado tumboni. Simu ile ilikuja kutumbukia kwenye ndoo ya maji, nayo ikafa. Bahati ni kwamba shemeji alikuwa ameshautuma, kwa kiungo cha siku tatu tu, na leo ndiyo ya tatu. Saa kumi binti yake angefika na kichanga kuja kuusikia.

Ukitaka kumwelewa mzee huyu, mtazame kazini. Akifungua saa, kila skrubu huilaza juu ya kitambaa cheupe, mbele ya macho. Kisichokuwa kwenye kitambaa kimepotea, hana mjadala. Kwake yeye kioo cha kompyuta ndicho kitambaa, na wimbo haukuwa pale. Basi akabonyeza tena, na tena, mpaka hesabu ikampotea.

Katika kupapasapapasa akaangukia folda ambayo hajawahi kuiona. Humo mlikuwa na mafaili ishirini na saba, yote jina moja la herufi na tarakimu lisilo na kichwa wala miguu, tofauti ni namba ya mwisho tu. Mpwa wake alishamwonya kwamba virusi vya kompyuta huzaana, na hivi, ama kweli, vilikuwa vimezaa bila kupumzika. Akavichagua vyote, akavitupa kwenye pipa la taka la kompyuta, akashusha pumzi.

Kompyuta ikauliza kama alimwage pipa. Hapo kidole kikasita. Katika nyumba ile pipa halikumwagwa kabla ya kupekuliwa. Ilikuwa sheria ya marehemu, maana skrubu za saa za watu zilikuwa na tabia ya kudondokea humo, na ni yeye aliyepiga magoti kuzitafuta huku akimsema mumewe. Kupekua virusi mzee aliogopa, kumwaga bila kupekua hakuthubutu. Akabonyeza "hapana", akarudi kwenye kiungo. Kilikuwa kimekwisha muda.

Binti alipoingia na mtoto begani, alimkuta baba yake ameketi mikono mapajani. Mzee akamweleza yote, ya mwisho mwanzo na ya mwanzo mwisho, kamshale, folda, virusi, pipa.

"Nimempoteza mama yako mara ya pili," alisema.

Binti alimuuliza tu kama alishamwaga pipa.

"Nimwage bila kupekua? Mama yako angenitafuna."

Binti akampakata mtoto vizuri, akafungua pipa, akarudisha faili la kwanza, akalibonyeza. Kikasikika kikohozi kidogo, na nyuma yake mlio wa nyundo ya fundi saa, ko ko ko. Kisha sauti ya marehemu ikasema, "Baba watoto, hebu punguza hiyo nyundo, watu tunarekodi." Nyundo ikanyamaza, na wimbo ukaanza.

Mzee alitazama mikono yake. Kumbe alikuwapo chumbani siku ile, wala hakuuliza kinarekodiwa nini. Ilimuuma, akalia bila kujificha, na mtoto akalala kabla wimbo haujaisha.

Baadaye binti alinakili wimbo kwenye simu yake na kwenye flashi ya kufungiwa kabatini, halafu akauweka mwingine katikati ya kioo, pale baba yake atakapouona. Akamwambia nakala ishirini na sita zilizobaki hazina kazi, zinajaza nafasi bure, azifute.

"Usifute hata moja," mzee akasema. "Mama yako hajamaliza kunisema."