Mwalimu Aliyekuwa Wawili

Saa tatu asubuhi Mrefu na Miwani, mafundi wa programu ya kliniki, walimaliza kazi zao, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Wote wawili walikuwa wamebadilisha mstari uleule, ule unaoamua mgonjwa yupi aitwe kwanza. Mrefu aliandika aitwe aliyewahi. Miwani aliandika aitwe mwenye barua ya mkurugenzi. Mfumo wa kutunza kazi zao ukakataa kuziunganisha, na ghorofa ya chini wagonjwa wote kumi na saba wakagawanyika, kila mmoja akawa watu wawili.

Muuguzi aliongeza viti.

"Mwiteni Shangazi," alisema, akaendelea kupima presha, mara mbili kwa kila mtu.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa fundi mkongwe, na migongano ya namna hii yote ilimwishia mezani. Wengine wakikutana nayo hubakiza kazi yao, wakafuta ya mwenzao, wakaenda kunywa chai. Yeye alisoma kwanza: nani aligusa nini, lini, na kwa nini. Kisha akashuka ngazi.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye goti bovu, aliyefika alfajiri kabla ya wote, alikuwa ameketi kiti cha mbele na pia benchi la nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili.

"Nataka kuwaunganisha. Kuna kitu msichotaka kipotee?"

Wa mbele alisema amesinzia vizuri, usingizi wa kwanza tangu goti lianze kumsumbua. Wa nyuma alisema amekutana benchini na wifi yake, waliyenuniana naye miaka sita, na sasa wanaongea.

"Vyote nitavibeba," alisema Shangazi. "Ila nafasi ya kukaa ni moja tu."

"Changu ni kile," alisema wa nyuma, akionyesha kiti cha mbele.

Shangazi alipanda juu, akawaketisha Mrefu na Miwani huku na huku.

"Miwani, hii barua ni wazo lako?"

"Niliambiwa tu, Shangazi."

Akaanza kazi, mstari kwa mstari, taratibu kama anayechambua mchele. Mazuri ya Mrefu aliyabakiza, na ya Miwani vilevile. Mwishoni aliifuta barua.

Mkurugenzi alipita, akasoma kioo cha kompyuta.

"Barua zibaki."

"Mzee, kuna watu wamefika hapa alfajiri."

"Zibaki, Shangazi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Bila idhini ya mkurugenzi mfumo usingepokea kitu, na watu wasingeweza kushinda wawili wawili. Shangazi alirudisha barua. Kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, ambayo kila fundi huisoma, aliandika: *Barua zimerudishwa kwa amri ya mkurugenzi. Waliofika mapema wamesogezwa nyuma.* Kisha akabonyeza.

Chini, watu kumi na saba wakawa kumi na saba. Shangazi alimpitia kila mmoja, akihakikisha hakuna aliyepungukiwa. Bwana mmoja mwenye barua alikuwa ameshaingia kwa daktari. Mwalimu alikuwa benchi la nyuma, macho maangavu ya mtu aliyelala, akicheka na wifi yake.

"Mwanangu, una mkono mzuri," alimwambia Shangazi. "Hata mshono siuhisi."

Mwalimu aliitwa saa nane na nusu mchana.