Gia Hazirukwi

Mshonaji alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya shule mume wake alipopita barabarani, wiki moja baada ya kuzikwa. Alikuwa juu ya pikipiki ile ile ya kazini, mitungi miwili ya gesi imefungwa nyuma kwa mpira mweusi, na aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama alivyozoea kusalimu. Injini haikulia. Kilichosikika ni mnyororo, na mitungi ikigongana. Akateremka, akapita mlango wa nyumba yake, akapita kwa muuza mkaa, akapotea kwenye ile kona iliyomuua.

"Amepita," mshonaji alimwambia mama mkwe.

"Nimemwona. Hata alipokuwa mzima hakuwa mtu wa kusimama, sembuse sasa."

Tangu hapo akawa anapita kila jioni, taa zikiwa hazijawashwa bado. Majirani waliwaondoa watoto njiani na kuitikia salamu. Wale waliokuwa hawajaja kutoa pole waliona haya kuja, maana utampaje mtu pole ya mume ambaye umetoka kupishana naye?

Mshonaji alichotaka ni kitu kimoja tu: asimame, akae, apumzike kama marehemu wengine. Jioni moja alitoka hadi ukingoni mwa barabara akamwita. Mume akamjibu bila kugeuka:

"Niko fri!"

Mshonaji akarudi ndani moyo umetulia. Alidhani anamwambia kuwa hana kazi tena, yuko huru, kama mtu anavyosema siku ya mapumziko. Alimweleza fundi pikipiki, rafiki wa mumewe, alipokuja kupunguziwa suruali.

"Hapana, shemeji," fundi akasema, akiwa amesimama juu ya kigoda, pini miguuni. "Fri ni pale gia zote zimeachia, gurudumu halishikwi na kitu. Tajiri wao ndiye aliyewaagiza hivyo, kuokoa mafuta: Ukifika juu ya mteremko zima injini, weka fri, mteremko ni wa bure. Sasa mzigo ule wote unabaki kwenye breki, na breki zinaungua. Amekufa akiwa fri. Ndiyo maana hasimami."

"Atasimamaje na breki hana?"

"Kwa injini. Gia ndizo zitamshika."

Akamweleza, naye akasikiliza huku akipiga pindo. Kwa kuwa mume alipita mara moja, tena kwa kasi, hakuweza kumwambia zaidi ya sentensi moja kwa jioni. Leo alimwambia, "Fungua swichi!" Kesho yake, "Shika klachi, kanyaga kwa vidole mpaka ya nne!" Iliyofuata, "Iachie klachi pole pole, kama unatoa mkono chini ya mtoto aliyelala!" Injini ikakohoa, ikawaka kwa ule mwendo wenyewe. Muuza mkaa akapiga makofi mawili, akaendelea kupima.

Jioni iliyofuata, alipoambiwa ashushe gia, mume alifanya haraka. Kutoka ya nne alipiga kisigino mfululizo hadi ya kwanza, akaiachia klachi ghafla. Gurudumu la nyuma likalia kwa uchungu, mitungi ikaruka, pikipiki ikayumba hadi kwenye kona. Kidole hakukiinua siku ile.

"Mwambie gia hazirukwi," fundi akasema. "Kila moja aisalimie. Apunguze mafuta, ashike klachi, kisigino mara moja, aachie klachi, aisikie injini ikimvuta nyuma. Ndipo aende nyingine."

"Salimia kila gia!" mshonaji akapaza sauti.

Akazisalimia. Ya nne, ya tatu, ya pili, injini ikishusha sauti kila mara kama mzee anayeshuka ngazi. Kwenye ya kwanza alikuwa mbele ya mlango. Akashika klachi, mguu wa kushoto ukagusa ardhi. Pikipiki ikasimama bila mitungi kugusana.

"Nimechoka, mke wangu," alisema.

Mama mkwe alimtandikia mkeka. Mshonaji alimpa maji, akayanywa yote, kisha akakaa akiangalia miguu yake. Walikaa watatu hivyo, na ilitosha.

Tajiri alifika kabla ya chakula kuiva. Alisalimia wote vizuri, akainama kukagua matairi.

"Kumbe iko nzima."

"Ameshakufa, tajiri," mshonaji akasema.

"Najua, mama. Si nilikuja mazishini? Nilibeba na jeneza. Lakini wateja wa ng'ambo ya kilima wanalia, hawana gesi. Kesho asubuhi aje."

"Sawa, tajiri," mume akasema.

"Na mteremko unaujua ulivyo."

"Naujua."

Asubuhi alivaa jaketi, akafunga mitungi, akaondoka vizuri kabisa, gia baada ya gia. Mshonaji alisimama mlangoni akiusikiliza mlio ukipanda kilima. Ulipofika juu, ukakatika.

"Kazima?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

"Kazima."

Mshonaji akaiburuta cherehani hadi kizingitini, mahali ambapo mtu aliye barabarani anaweza kumsikia, akaendelea na kola.