Ulezi wa Matanga

Bertilla alifika ofisi ya kodi mjini Sumbawanga kabla mlinzi hajafungua geti. Alisimama ukutani amejifunga khanga mbili, na zote mbili hazikumsaidia kitu. Baridi ya Ufipa mwezi wa saba haina huruma na mtu aliyetoka Izia kwa miguu.

Alikuja kuomba asamehewe adhabu. Kodi yenyewe, ile aliyoiacha marehemu mumewe Valerian kwenye mashine yao ya kusaga, alikwisha kuilipa kwa kuuza mahindi yote ya ghalani. Zilibaki adhabu na riba, nazo zilikuwa zimeipita kodi iliyozizaa. Hakuruhusiwa kufungua mashine mpaka azimalize. Asiposamehewe ingepigwa mnada, na hakuwa na kitu kingine cha kuwalishia wajukuu.

"Shikamoo mama," alisema afisa, kijana aitwaye Meshack, akamvutia kiti. Alikuwa na adabu, na adabu yake ilimtia Bertilla matumaini.

"Marahaba, mwanangu."

"Kodi umelipa, hongera. Sasa hii adhabu. Unasema baada ya mzee kufariki hukufanya biashara?"

"Nilifunga. Kufuli mtaa mzima waliliona."

"Ulikuja kutuarifu?"

"Nilikuwa msibani, mwanangu. Waombolezaji ningemwachia nani, nije huku kusema mume wangu amekufa?"

"Usipotuarifu, sisi tunahesabu biashara ipo. Lakini kamati inaweza kukufikiria kama mashine haikuwashwa kabisa. Iliwashwa?"

Mtu mwingine yeyote angesema hapana, yakaisha. Bertilla aliona amepata la kumtetea, akasogeza kiti mbele.

"Siku moja tu, ya kumaliza matanga. Akina mama wa jumuiya walileta ulezi wa pombe, nikafungua nikawasagia wote mpaka jioni. Sikuchukua hata senti. Kwetu nyumba yenye msiba haimtozi mtu aliyekuja kulia nayo. Muulize Fortunata, mwenyekiti wetu wa jumuiya."

Meshack alichukua kalamu. "Kwa hiyo iliwashwa."

"Bure, mwanangu."

"Bure ni uamuzi wako, mama. Kazi ilifanyika." Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. "Mimi nakuelewa. Hata kwetu Kasanga tunafanya hivyo hivyo. Ila hapa hakuna sehemu ya kuandika matanga."

Walikuja kabla mwezi haujaisha, Meshack na dalali, na lori. Mashine ilikuwa nzito, dalali akaita wanaume wa mtaani wapate kibarua. Alois alikuja. Siku ya mazishi alibeba jeneza la Valerian upande wa kichwa. Leo alishika upande wa kinu, macho chini. Wenzake nao walikuwa wamekunywa pombe ya ulezi ule. Bertilla alitaka kuwachukia, akashindwa, maana alijua nyumbani kwao jana walipika nini.

Halafu akafanya kilichomuuma kuliko yote. Watu wakishatoa jasho uani kwako huwaachi waondoke na njaa. Aliazima unga kwa Fortunata, akasonga ugali, akachemsha maharage, akawatengea. Walikula wamechuchumaa uani. Meshack naye alinawa akala, akashukuru mara mbili.

"Kitu kimoja, mama," alisema akijifuta mikono. "Gharama ya lori na hawa vibarua inaongezwa kwenye deni. Mashine isipofikia bei, tutarudi tuongee."

"Mtarudi kuchukua nini?"

Meshack aliitazama nyumba, kisha akaangalia pembeni. "Ubaki salama, mama."

Lori liliondoka likiyumba kwenye mashimo. Kila liliporuka, kinu kilitema unga kidogo barabarani, unga mwekundu wa ulezi, umeganda na kuingia wadudu. Haukuwa na hata chembe ya mahindi. Fortunata aliuona, akainama akauchota kiganjani.

"Huu si ule wa matanga?" aliuliza. "Hujasaga kingine tangu siku ile. Mwite aone kwamba biashara ilifungwa kweli."

Bertilla aliita. Aliita jina la Meshack mara ya pili, kwa sauti kubwa isiyomfaa mjane, lakini lori lilikwisha kukata kona. Kuku wa jirani walitoka uani, wakaufuata ule unga wakidonoa mpaka barabara kuu.