Pete Kumi na Moja

Akida alifungua kitambaa juu ya meza ya kazi, pete kumi na moja zikamwagika kando ya koleo.

"Vijana wenyewe tumewazika ng'ambo ya mto Rheno, Ammaca, kaburi moja. Hizi ndizo zilizorudi. Vito ni kazi ya mkono wako, basi mwambie kila mzazi ya mwanawe ni ipi."

Nje ya karakana wazazi walikuwa wamejipanga tangu asubuhi. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee Friatto, mfuga nyuki wa kule kwenye kinamasi, kofia mkononi.

Ammaca alizigeuza pete moja moja kwenye mwanga. Kioo chekundu, rangi ya akiki. Marsi, mungu wa vita, amesimama na mkuki, ngao mguuni. Zote kumi na moja, Marsi yule yule, pua ile ile iliyofifia. Kalibu ya udongo ilikuwa imechakaa tangu majira ya baridi, naye akaona uvivu kufinyanga nyingine.

"Alinionyesha siku anaondoka," mzee alisema. "Hurmio wangu, kwa kujisifu! 'Baba, mama Ammaca amenichongea mimi peke yangu. Hakuna askari mwingine mwenye Marsi kama huyu.' Haya mama, ya kwake ipi?"

Ammaca alikumbuka. Maneno hayo hayo ndiyo aliyomwambia kila kijana huku akimvisha pete, na kila kijana alitoka kifua mbele.

Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye pete ya tatu. Uso wa mzee ukaanza kukunjuka. Kidole kikarudi.

"Sijui, mzee wangu."

"Hebu tazama vizuri. Umechoka tu."

"Mimi sichongi. Namimina kioo kwenye kalibu, na kalibu ni moja." "Nilimdanganya mwanao. Niliwadanganya wote."

Akida alikohoa, akageukia ukutani. Ammaca alihisi masikio yakimwaka. Afadhali angetukanwa. Lakini mzee alizikusanya pete zote kiganjani, akazifumbata kwa muda mrefu, kisha akazirudisha mezani taratibu, kana kwamba zimelala.

"Na hao wa nje," alisema, "utawaambia kama ulivyoniambia mimi?"

Ammaca alijifuta mikono kwenye aproni, akaenda kufungua mlango. Mama aliyesimama mbele alimtabasamia, kiganja chake tayari amekikinga.