Mkwe Wangu na Maji ya Lambo

Nilifeli ubatizo mara tatu. Wenzangu wanafeli darasa la saba, mimi Nyamizi nilifeli ubatizo, tena mbele ya wasichana ambao mama zao niliwazalisha kwa mikono yangu hii. Niliowakuta darasani walikwisha kubatizwa, wakaolewa, wakaleta watoto wao kubarikiwa, na mimi bado nimekaa benchi lilelile nikikariri Amri Kumi.

Aliyekuwa akinifelisha ni mkwe wangu, Mchungaji Maganga, mume wa binti yangu Esta. Kwetu Usukumani mwanamume hakai uso kwa uso na mama wa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na mkwe halitaji jina la mama mkwe hata akitishiwa fimbo. Zamani haikuwa taabu, maana mkwe aliishi kilima kingine. Ikaja Operesheni Vijiji, wakatuhamisha wote, wakatupanga kwa mistari kando ya barabara ya Masumbwe, na nyumba ya mkwe wangu ikaangukia mkabala na yangu. Miaka sita nilikuwa nachungulia mlangoni kabla ya kwenda chooni. Naye vivyo hivyo. Kanisani yeye alihubiri akitazama upande wa wanaume, mimi nikakaa nyuma ya nguzo.

Siku ya mtihani wa ubatizo, Mchungaji alikaa chumba cha ndani, mimi nikakaa nje. Mwalimu Paskalia, aliyekuwa akitufundisha, alisimama mlangoni akileta maswali na kupeleka majibu. Dhambi ni nini? Nikajibu. Yesu alifufuka siku ya ngapi? Nikajibu. Kisha Paskalia anatoka ameinamisha macho.

"Mchungaji anasema uendelee kujifunza, Mama Esta."

Nijifunze nini tena? Hakuna aliyeniambia.

Na mimi nilikuwa na haraka. Mume wangu alibatizwa na mchungaji aliyetangulia, miezi minne kabla ya kufa. Tangu tumzike nilikuwa na wazo moja tu: yeye kaingia kwa mlango ule, na mimi nikifa leo nitaambiwa nisubiri wapi? Tuliishi pamoja miaka thelathini na miwili, tukazika watoto wawili, tukalea watano. Sikutaka nitenganishwe naye kwa sababu ya maji. Niliogopa, nasema wazi.

Maji yenyewe ndiyo yalinivuruga zaidi. Paskalia alisema maji hayaoshi dhambi, damu ya Yesu ndiyo inayoosha. Nikamwuliza, basi maji ya nini? Akasema ni ishara. Nikauliza, asiyeyaingia je? Akasema sharti ayaingie. Ishara tu, na sharti? Akafunga daftari lake akasema tuombe. Nikamwendea jirani yangu Bernadina, ambaye ni Mkatoliki, nikidhani atanisaidia.

"Mimi nilimwagiwa kichwani kidogo tu, nikapewa jina, basi," alisema. "Ninyi mnatumbukizana mzimamzima kama viazi vya matobolwa kwenye sufuria. Sasa nani kakosea hapo?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali mawili badala ya moja.

Halafu likaja somo la tisa. Paskalia akatufundisha kwamba ubatizo ni kufa na kuzikwa pamoja na Kristo, na kutoka majini ni kufufuka. Nikanyoosha mkono.

"Anayezika ni nani?"

"Mchungaji."

"Mchungaji huyuhuyu?"

Darasa zima likacheka. Sikuwa natania. Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe hata akiwa maiti, wala hashuki kaburini kumpokea. Anakaa mbali, pamoja na wageni, mpaka aambiwe kwamba kazi imekwisha. Sasa huyu atanizikaje, tena mchana kweupe, mbele ya kwaya? Paskalia aliahidi kwamba ataliuliza swali langu. Jibu halikuja.

Mwaka 1980, nilipofeli mara ya tatu, Esta alikuja kunisaidia kukata viazi vya kuanika michembe. Nikamwambia nimechoka, kichwa changu ni kizito, nitaacha. Esta akaweka kisu chini.

"Mayu, wewe hujafeli hata siku moja. Unajibu kuliko wote. Ni yeye. Anaogopa kukushika. Ubatizo ukikaribia hali chakula, hasemi na mtu."

"Kwa nini asimwite mchungaji mwingine?"

"Yuko Kahama, na gari la kanisa la huko halina dizeli. Amemwandikia barua mara mbili."

Nilikasirika mpaka nikajikata kidole. Miaka miwili nimeitwa mzito wa kuelewa! Lakini usiku ule hasira ilinigeukia. Mkwe wangu alikuwa ananipa heshima yangu. Kama angenidaka na kunitumbukiza siku ya kwanza tu, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kusema hana adabu. Sasa nimchukie kwa kunistahi? Nilijigeuzageuza kitandani, nikimlaumu yeye, nikijilaumu, nikiwalaumu hata waliotupanga kwa mistari.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Eustace, mzee wa kanisa. Yeye ametoka Bukoba na mambo yetu huyaona kama vichekesho. Akaita kikao cha wazee palepale kanisani. Mchungaji akakaa nje chini ya dirisha, mimi ndani. Mmoja akasema kwa Kristo hakuna mkwe wala mama mkwe. Sauti ya Maganga ikaingia kupitia dirishani, ya upole kabisa.

"Basi akishabatizwa mimi si mkwe wake tena? Na Esta je, ni mke wangu bado?"

Mwingine akasema Mchungaji avae glavu. Mwingine akaona nichaguliwe jina jipya, Debora, ili Mchungaji apate la kutamka bila kuvunja mwiko. Hapo nikasimama.

"Mume wangu ananijua kwa Nyamizi. Huko aliko akisikia wanaita Debora, hatageuka."

Nikawaambia Jumapili naingia majini na wengine. Mchungaji asiponibatiza, nitasimama humohumo mpaka ng'ombe waje kunywa.

Jumapili hiyo tulikuwa kumi na wanne. Wachungaji wa ng'ombe walikuwa wameswaga mifugo mbali tangu alfajiri, lakini maji ya lambo, bwawa letu la kunyweshea ng'ombe, yalikuwa bado mazito ya tope. Nilivaa gauni jeupe la kuazima, nikajifunga khanga juu yake. Wakaingia mmojammoja, wakazama, wakatoka wakiimbiwa. Mimi nikawekwa wa mwisho. Mguu wangu ulipogusa maji nilitamani kukimbia, sijui nikimbilie wapi.

Mchungaji alisimama maji yakimfika kiunoni, amegeukia ng'ambo. Nikasimama nyuma yake kidogo, ubavuni, nami nimeinamisha uso. Alikuwa amekunja taulo akaliweka juu ya kiganja. Kwaya ikamaliza ubeti, ikaurudia, ikaurudia tena.

"Mama Esta," akaanza.

Mzee Eustace akakohoa ukingoni. "Jina, Mchungaji."

Nilimsikia akivuta pumzi. Bata mmoja wa porini akaruka kutoka kwenye majani, na watu wote wakamtazama bata kwa shukrani.

"Nyamizi," akasema mkwe wangu. "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Nikasubiri mkono wake. Vidole viwili vilinigusa begani kupitia taulo, vikaondoka upesi, ungedhani bega langu ni kaa la moto. Nikasubiri tena. Hakuna kitu. Maneno yamekwisha kusemwa, watu wanangoja, na mimi bado niko mkavu kuanzia kifuani. Nikafumba macho, nikakunja magoti, nikajishusha mwenyewe. Masikio yalijaa maji. Sijui nilikaa huko kiasi gani. Nilipoinuka watu walikuwa wanaimba haleluya na wanawake wananivuta ukingoni.

Bernadina alikuwa amekuja kutazama. Akaninong'oneza sikioni.

"Mbona umejibatiza mwenyewe? Na sidhani kama kichwa kilifika chini."

Nikamwuliza Paskalia, akasema alikuwa analia, hakuona. Mzee Eustace akasema alikuwa anafunua kitabu cha nyimbo. Nikawauliza wasichana wa kwaya, mmoja akasema nilizama, mwingine akasema nilichuchumaa tu. Kama sikuzama, basi nimechuchumaa kwenye lambo la ng'ombe, na mume wangu ataningoja bure. Hakuna aliyekuwa karibu isipokuwa mtu mmoja.

Alikuwa pembeni akikamua kanzu yake, mgongo kwetu. Nikamwendea. Watu walipoona ninakoelekea, nyimbo zikakatika. Nikasimama hatua mbili nyuma yake, mahali ambapo, nje ya maji yale, sijawahi kusimama tangu amuoe mwanangu.

"Mchungaji," nikasema. "Nilizama?"

Akaacha kukamua.

"Sijui, Mayu. Nilifumba macho."

Nilitaka kucheka, nikaanza kulia. Mimi nimefumba, yeye kafumba, na kanisa zima lilikuwa linaangalia bata na kitabu. Nikalia kwa miaka ile miwili ya benchi, na kwa uchungu wa marehemu mume wangu, mbele ya kila mtu, bila aibu.

"Basi yafumbue sasa," nikamwambia. "Geuka, unitazame, uniambie."

Mzee mmoja wa upande wetu akachukua fimbo yake akaondoka. Esta akajiziba mdomo. Mchungaji Maganga akageuka polepole, kama mtu anayegeuza mzigo mzito kichwani, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake kwa karibu. Alikuwa kijana tu. Midomo ilikuwa inamcheza. Akanitazama kuanzia miguuni kwenye tope, akapanda taratibu, gauni, khanga, shingo, mpaka akafika kwenye nywele zangu zilizokuwa zikichuruzika maji machoni.

"Umelowa, Mayu," akasema. "Umelowa kote."